Binti yangu ameandika kwamba baba yake ni kibarua

Ndugu Mshauri,

Ninakuandikia saa kumi kasoro usiku nikiwa sebuleni, kwa kuwa usingizi umekataa kuja na sikutaka kumwamsha mama watoto kwa kujigeuzageuza kitandani. Juzi nilikuwa ninapitia fomu ya binti yetu ya kujiunga na kidato cha kwanza kabla ya kutia sahihi. Mahali palipoandikwa "Kazi ya baba" nilikuta amejaza neno moja, kwa mwandiko mzuri ambao nilimfundisha mwenyewe: Kibarua. Mstari wa chini yake, kwenye kazi ya mama, ameandika Mfanyabiashara. Nilitia sahihi, nikaikunja fomu, nikamrudishia. Sikumgombeza, wala sikumuuliza nani aliyemfundisha neno hilo, maana ninamjua.

Mimi ni mwalimu. Nina shahada, nimeshika chaki tangu 2009, na kwa miaka tisa sasa ninafundisha Kiswahili kwa wageni katika kituo kimoja hapa Dar es Salaam, ambako ninalipwa shilingi 18,000 kwa saa. Jioni mbili kwa wiki ninafundisha pia katika chuo ambacho nacho hulipa kwa saa, ila fedha zenyewe huja muhula ukiisha, tena baada ya kukumbushia mara tatu au nne. Naomba usinielewe vibaya, sidharau kibarua cha mtu. Marehemu baba yangu alibeba magunia bandarini Tanga na jasho hilo ndilo lililonisomesha. Lakini yeye alibeba magunia ili mtoto wake asiitwe hivyo, na sasa mjukuu wake ameliandika neno lile lile kwenye karatasi ya serikali.

Mama watoto husema niliacha kazi ya maana kwa kupenda uhuru. Si kweli, na hili ninataka ulijue kabla hujanihukumu. Niliajiriwa kwa mshahara katika shule ya binafsi ya bweni hadi 2016, kwa shilingi 520,000 kwa mwezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zinazozidi hapo zilipwe mara moja na nusu, na atakaye kujua thamani ya saa yake agawe mshahara wa mwezi kwa 4.333 kisha kwa saa za wiki. Kwa hesabu hiyo saa yangu ilipaswa kuwa na thamani ya kama shilingi 2,667. Ila mimi nilikuwa mwalimu wa zamu, nilikuwa mlezi wa bweni, nilisimamia masomo ya usiku na vipindi vya Jumamosi, na wiki zangu zilifika saa 70 bila senti ya ziada, kwa hiyo saa yangu ilikuwa chini ya 1,750. Hata hizo hazikuja kwa wakati: mwaka wa mwisho tulikaa miezi mitatu bila mshahara, tukiambiwa kila Ijumaa kwamba wazazi hawajalipa ada. Mwajiri wa mshahara alikuwa amenunua maisha yangu yote kwa bei ya jumla. Kwenye kituo hiki, saa niliyofundisha imeandikwa na mwanafunzi ameitilia sahihi, nayo hulipwa. Je, hapo nilikosea?

Pamoja na hayo, ninakiri kwamba saa inayolipwa ni ile ya darasani tu. Saa mbili za daladala, maandalizi ya somo na kusahihisha kazi hazina mlipaji. Mwanafunzi akiahirisha kwa taarifa ya siku moja, sipati kitu. Mwezi Aprili nilifika Masaki nimelowa chapachapa, mlinzi akaniambia kwa upole kwamba mama niliyekwenda kumfundisha amesafiri tangu asubuhi. Nilikaa naye kwenye benchi lake mpaka mvua ikapungua, akanigawia chai yake kwenye kifuniko cha chupa. Mlinzi yule ana mshahara. Sikuwa na wivu naye, ila nililihesabu hilo, na bado ninalihesabu.

Ninayo daftari ya kaunta ambamo ninaandika kila saa. Julai 2025 nilifundisha saa 72, nikapata shilingi 1,296,000, fedha ambayo mwalimu mwenzangu wa mshahara haioni. Desemba nilifundisha saa 11. Mwanzoni mwa mwaka huo, Marekani ilipositisha fedha za miradi ya USAID, shirika lake la misaada, wanafunzi wangu wengi walikuwa wafanyakazi wa miradi hiyo, wakaondoka mmoja mmoja. Mwisho wa Oktoba, siku za uchaguzi, intaneti ilipozimwa na watu wakazuiwa kutoka usiku, sikufundisha hata saa moja, si ana kwa ana wala kwa mtandao, na hakuna aliyeniuliza watoto wanakula nini. Mwaka 2020 ilikuwa hivyo hivyo: shule na vyuo vilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, walimu wa serikali walikaa nyumbani na mshahara wao ukaingia, mimi nikauza pikipiki.

Mama watoto si mwanamke mbaya. Duka lake la vitenge ndilo lililotuvusha Desemba, na ninamshukuru. Ila serikali ilipopandisha kima cha chini cha watumishi wa umma kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, aliniuliza mbele ya dada yake, "Na wewe hao wazungu wako wamekuongeza kiasi gani?" Binti alikuwa anaosha vyombo pale pale. Ninaamini neno lile lilianzia siku ile, au lilikuwapo zamani nami sikulisikia. Nimejaribu, Ndugu Mshauri. Niliomba ajira ya ualimu serikalini, nikaitwa kwenye usaili, sikupata, na umri nao hausubiri mtu.

Rafiki yangu mwanasheria ameniambia kwamba Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamhesabu mtu kuwa mwajiriwa, mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo, iwapo amemfanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kuanzia Mei hadi Septemba sikushuka chini ya hapo mwezi hata mmoja. Maana yake, pengine ningekuwa na haki ya likizo ya siku 28 yenye malipo, na ya mchango wa NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, badala ya kukatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio kama fundi aliyeitwa kurekebisha bomba. Lakini mwenye kituo amenitendea vyema, na ninajua nikilitaja jambo hilo ratiba yangu itaanza kupungua taratibu bila mtu kuniambia lolote. Kwa hiyo nimenyamaza.

Sasa kuna barua. Wiki mbili zilizopita shule ya binafsi ya bweni mkoani Iringa iliniandikia kunipa kazi: mkataba wa miaka miwili, shilingi 650,000 kwa mwezi, nyumba, bima na NSSF. Nimekwisha kuamua kuikataa. Nimepiga hesabu usiku huu kwa mara ya nne. Ukitoa NSSF asilimia 10, kodi ya mapato, na asilimia 15 ya deni la mkopo wa chuo la Bodi ya Mikopo, ambayo hunipata mara tu ninapoonekana kwenye orodha ya mishahara, mkononi zitabaki kama 454,000. Mwaka jana, ulio mbaya kuliko yote, daftari yangu ilisoma saa 526, yaani shilingi 9,468,000, ambazo ni wastani wa 789,000 kwa mwezi kabla ya ile kodi na nauli. Hata katika mwaka mbaya saa zimeushinda mshahara, na hapo sijahesabu malipo ya chuo. Tena ni bweni, na bweni ninalijua, zamu zile na usiku ule. Mama watoto hawezi kuhamisha duka, na binti anaanza shule hapa Dar.

Hata hivyo barua hiyo nimeificha ndani ya daftari ya saa, na mama watoto hajui kwamba ipo. Nilijiambia kwamba ninamwepusha na mawazo. Tangu juzi ninajiuliza kama sikuificha kwa kuogopa kwamba akiiona ataniambia niende, na ataniambia kwa furaha. Mwalimu mkuu anataka jibu ifikapo Ijumaa. Nimewahi kuandika "Ninashukuru, lakini" kwenye simu, kisha nikafuta.

Unaweza kuniambia kwamba neno la mtoto wa miaka kumi na minne si sababu ya mtu kuhama mkoa, nami nimejiambia hivyo usiku kucha. Kwenye fomu ile angeweza kuandika Mwalimu. Nimekuwa mwalimu tangu kabla hajazaliwa, analiona begi langu, anaziona chaki mfukoni mwa shati ninapotoka chuoni, na madaftari ya wanafunzi yamejaa juu ya meza anayofanyia kazi zake za shule. Kumbe kwake mwalimu ni yule mwenye mshahara.

Naomba unishauri kuhusu mambo haya ya saa na mshahara, wewe umesikia ya wengi. Na kama utaona inafaa, niambie pia iwapo nimwonyeshe mama watoto barua ile kabla ya Ijumaa au baada ya kuijibu, na iwapo si aibu mtu wa umri wangu kumwomba mwalimu mkuu aniongezee wiki moja ya kufikiri. Alfajiri imeshaadhiniwa, na saa mbili asubuhi nina somo Masaki.

Msomaji wako,
Dar es Salaam