Mchicha wa Msimbazi: kijani si kipimo

Mhariri,

Bustani nyingi za mboga kandokando ya Mto Msimbazi, Dar es Salaam, humwagiliwa maji yanayopokea taka za viwanda na gereji. Tafiti za miaka mingi zimekuta humo metali nzito zenye sumu: madini ya risasi, kadimiamu na kromiamu.

Kadimiamu ikizidi hudumaza mizizi na kuzuia madini ya chuma kufika kwenye majani, nayo hugeuka manjano. Mkulima akiona hivyo huongeza mbolea ya yurea, na hapo mambo huharibika zaidi: yurea huongeza asidi udongoni, na asidi huiachia kadimiamu iingie kwenye mmea. Hata hivyo, tunaouhofia zaidi ni mchicha uliostawi, kwa sababu kiasi kinachomdhuru mlaji ni kidogo kuliko kinachoudumaza mmea. Kikomo cha kimataifa kwa kilo ya mboga za majani ni miligramu 0.2 za kadimiamu na 0.3 za risasi. Kuosha huondoa vumbi lenye risasi. Kadimiamu iliyo ndani ya jani haioshiki.

Wakulima, chukueni udongo wa sentimita 20 za juu, sehemu 10 hadi 15, changanyeni kwenye ndoo ya plastiki (ya bati huongeza zinki), kisha pelekeni nusu kilo maabara, kama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Ombeni kipimo cha metali nzito. Kile cha rutuba hakizioneshi. Chokaa ya kilimo ipandishe pH (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi hupungua) hadi 6.5 au 7. Palipochafuka pandeni bamia au nyanya, ambazo tunda lake hubeba metali kidogo kuliko majani.

Gharama za vipimo zibebwe na halmashauri. Mwenye matuta matatu ya mchicha haziwezi.

Wataalamu wa udongo,
Dar es Salaam