Nyumba zilizovunjwa kupisha kasri

Prague, Jumapili

Mwanangu Rehema,

Hujambo? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Tangu uniambie ukuta wa nyumba ya bibi yako umechorwa X nyekundu, usingizi umenipaa. Ulisema bibi akipita pale hageuki hata kuutazama. Leo nimetoka kazini nikaja kukaa kwenye bustani ya Kasri la Wallenstein, chini ya ngome ya Prague, katika mtaa wa kale wa Malá Strana. Nimemuwaza yeye tu.

Aliyelijenga ni Albrecht von Wallenstein, jemadari wa Kaisari Ferdinand II. Waprotestanti waliomwasi Kaisari huyo, aliyekuwa akitawala nchi hii, waliposhindwa vitani karibu na Prague mwaka 1620, walinyang'anywa mali, naye akanunua mashamba yao kwa bei ya chee. Alipotaka makao ya kulingana na cheo chake, alichukua zaidi ya nyumba 20 za mtaa huu, pamoja na bustani na tanuri la matofali, vyote vikavunjwa. Ujenzi ulianza 1623 chini ya mafundi wa Kiitalia. Ukumbi mkuu una kimo cha ghorofa mbili. Ukiinua macho darini unamwona Mars, mungu wa vita wa Warumi, juu ya gari la farasi, na sura aliyopewa ni ya Wallenstein mwenyewe. Niliitazama mpaka shingo ikauma.

Hakulifaidi. Kaisari alimshuku usaliti, na tarehe 25 Februari 1634 maofisa wa jeshi lake wakamuua mjini Cheb. Mwaka 1648 Waswidi wakauteka mtaa, wakabeba sanamu za bustanini, kazi ya Adriaen de Vries. Ziko Uswidi mpaka leo. Hizi zilizo mbele yangu ni nakala. Ukoo wake ulilishika kasri mpaka 1945, na tangu 1996 Seneti ya Cheki inakutana humo.

Kuna ukuta mmoja hapa ungeupenda. Mafundi waliufinyanga ufanane na mawe ya pangoni yaliyoganda yakichuruzika, kama yale tuliyoyaona Amboni ulipokuwa darasa la tatu. Watoto wanatafuta nyuso za wanyama humo. Mimi nimeona kichwa cha mbuzi.

Lakini majina ya wale waliokaa kwenye zile nyumba, kwenye vibao nilivyosoma sijaona hata moja. Hilo ndilo lililonikaa rohoni, mwanangu.

Basi kabla greda halijafika, chukua daftari uende kwa bibi. Pima baraza. Piga picha mlango, na boriti za mikoko kule juu. Muulize nani alichimba kisima na nani alipanda mwembe. Andika kwa maneno yake, usimsahihishe. Nitakuja Desemba, nyumba ikiwa bado imesimama, nitalala kile chumba cha uani.

Msalimie sana.

Mama yako