Kabla ya kuacha dawa ya presha, taja jina lake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wanaomeza dawa za presha, na pia na wenzangu tunaowapa dawa hizo dirishani.

Mgonjwa wa presha haachi dawa kwa ukaidi. Anaacha kwa sababu miguu imevimba, anakohoa usiku kucha, haja ndogo inamkamata akiwa kwenye basi, au mambo ya chumbani yamebadilika na hana wa kumwambia. Presha yenyewe haimuumi, ila maudhi ya dawa anayahisi kila siku. Basi anaacha kimya kimya. Akirudi kliniki anaulizwa kama anameza dawa, anaitikia, presha inapimwa iko juu, anaongezewa dozi ya kidonge asichokimeza.

Dawa za presha si kitu kimoja. Ni makundi kadhaa, na maudhi ya kundi moja mara nyingi hayapo kwa jingine. Tazama pakiti: acha jina kubwa la kibiashara, soma lile dogo la dawa yenyewe. Jina linaloishia na "dipine" ni la kundi linalolegeza mishipa, kama amlodipini na nifedipini. Linaloishia na "pril" ni kaptoprili, enalaprili na ndugu zao. "Sartan" ni losartani, telmisartani na wenzao. "Lol" ni atenololi na propranololi, zinazopunguza mapigo ya moyo. Haidroklorotiazidi na bendrofluazidi ni dawa za kukojoza. Anayejua dawa yake iko kundi gani ameshapata nusu ya jibu la kinachomsumbua.

Nianze na amlodipini kwa sababu inatumiwa na wengi na inaeleweka vibaya. Hulegeza mishipa midogo inayopeleka damu, lakini inayorudisha damu haiilegezi kwa kiasi hicho. Msukumo unapanda ndani ya vijishipa vya katikati, na maji yanapenya kuingia kwenye nyama za vifundo vya miguu. Ndiyo maana uvimbe ni wa miguu yote miwili, hauumi, unazidi jioni na kupungua asubuhi, na mtu wa miligramu 10 huvimba zaidi ya mtu wa miligramu 5. Mwili haujajaa maji na figo hazijafa. Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika: mgonjwa anaongezewa furosemidi, maarufu kama Lasix, ili "kutoa maji". Uvimbe hautoki kama inavyotarajiwa, kwa kuwa chanzo si maji kuzidi mwilini. Kinachotoka ni chumvi na potasiamu. Mgonjwa analegea, misuli inakaza usiku, akisimama anaona kizunguzungu, kisha anapewa dawa nyingine ya kizunguzungu. Vidonge vinakuwa vitatu kwa tatizo la kimoja.

Kinachosaidia ni kumwomba daktari arudishe amlodipini kwenye miligramu 5 na kuongeza dawa ya kundi la "sartan" au "pril". Hizo hulegeza pia mishipa inayorudisha damu, hivyo uvimbe hupungua na presha inaendelea kushuka. Lakini si kila uvimbe ni wa amlodipini. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, huenda damu imeganda ndani. Uvimbe unaoambatana na kukosa pumzi ukilala chali waweza kuwa wa moyo. Uso unaovimba asubuhi pamoja na mkojo wenye povu unadai vipimo vya figo. Hali hizo tatu hazingoji tarehe ya kliniki, na mbili za kwanza ni za kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kikohozi ni cha kundi la "pril". Dawa hizi huzuia kimeng'enya ambacho, pamoja na kazi yake nyingine, huvunjavunja kemikali ya mwili iitwayo bradikinini. Bradikinini ikijikusanya kwenye njia za hewa huwasha koo, na mtu anakohoa kikohozi kikavu kisicho na makohozi wala homa. Chaweza kuanza siku chache baada ya kidonge cha kwanza, au miezi kadhaa baadaye, ndiyo maana wengi hawakihusishi na dawa. Hakuna sharubati ya kikohozi inayokitibu. Ukibadilishiwa na kupewa losartani huisha, kwa kawaida ndani ya wiki 1 hadi 4, ingawa kwa wachache huchukua hata miezi 3. Kwetu, mtu aliyekohoa wiki mbili hupimwa kifua kikuu, na ni sahihi kabisa apimwe. Ila amwambie anayempima kwamba anameza enalaprili au kaptoprili, asije akarudishwa kupima mara kwa mara huku kidonge kinachomkohoza kiko mfukoni mwake.

Wagonjwa wenye asili ya Afrika wana sababu nyingine ya kuuliza wanapopewa "pril" peke yake. Kundi hili likitumika bila mwenza mara nyingi hushusha presha yao kidogo kuliko amlodipini au dawa ya kukojoza. Utafiti wa CREOLE, uliochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha wagonjwa 728 katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulionyesha kuwa mchanganyiko wenye amlodipini ndani yake ulishusha presha kuliko ule usio nayo. Kaptoprili, zaidi ya hayo, haikai mwilini muda mrefu; humezwa mara 2 au 3 kwa siku, saa moja kabla ya kula. Ukiimeza asubuhi tu, usiku huna kinga.

Kundi hilo hilo lina hatari moja ambayo mgonjwa hana haja ya kuomba ruhusa ya mtu ili aache dawa: midomo, ulimi au uso kuvimba ghafla. Acha kidonge saa hiyo hiyo, kimbilia hospitali, na usirudie tena dawa yoyote inayoishia na "pril" maisha yako yote. Hutokea kwa nadra, lakini kwa watu weusi hutokea zaidi kuliko kwa wengine, na yaweza kumkuta mtu aliyeimeza dawa hiyo miaka bila tatizo.

Dawa ya kukojoza imezwe asubuhi, saa moja au mbili, si usiku. Kwenda haja mara kwa mara hupungua baada ya wiki chache. Siku ya safari ndefu imeze ukifika, usiiruke. Misuli ikikaza au mwili ukilegea, omba kipimo cha potasiamu na sodiamu. Mwenye jongo aseme mapema, kwani dawa hizi hupandisha asidi ya yuriki. Na kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha: haidroklorotiazidi huifanya ngozi iumizwe zaidi na jua, na mwaka 2018 mamlaka za dawa za Ulaya zilitoa tahadhari kwamba ikitumika kwa muda mrefu huongeza uwezekano wa aina fulani za saratani ya ngozi. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hili si jambo dogo. Wapewe dawa ya kundi lingine.

Anayefunga Ramadhani na kumeza kidonge kimoja kwa siku anaweza kukimeza wakati wa futari. Cha kukojoza kisimezwe daku, kitamkausha mchana kutwa. Apange na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama.

Atenololi na propranololi hupoza vidole, huchosha, na kwa mwenye pumu zaweza kubana kifua vibaya. Hizi hazikatwi ghafla, moyo huweza kushtuka. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili.

Kuhusu nguvu za kiume, nitasema wazi. Dawa za kukojoza na baadhi ya zile za "lol" zaweza kuzipunguza. Presha isiyotibiwa nayo huziua, kwa kuharibu mishipa ile ile. Kundi la "sartan" halijulikani kuleta shida hiyo, kwa hiyo kubadilisha kunawezekana, na daktari hashangai akiulizwa. Kinachotisha ni vidonge na unga wa nguvu unaouzwa mitaani: baadhi ya bidhaa za namna hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa na sildenafili, dawa ya hospitali ya nguvu za kiume, bila kuandikwa. Ukichanganya na dawa za maumivu ya moyo zinazowekwa chini ya ulimi, presha yaweza kuanguka hadi mtu akapoteza maisha.

Wanasema dawa za presha zinaharibu figo. Kinachoharibu figo ni presha ya juu kukaa miaka bila kushushwa, na "pril" na "sartan" ndizo dawa tunazotumia kuzilinda figo zinazovujisha protini. Ni kweli lazima kreatinini, kipimo kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi, na potasiamu vipimwe wiki 1 hadi 4 baada ya kuanza, maana wachache hupata shida. Kinachoziumiza figo mara nyingi ni diklofenaki au ibuprofeni iliyonunuliwa kwa ajili ya mgongo na magoti, ikamezwa wiki nzima juu ya losartani na dawa ya kukojoza. Hizo tatu kwa pamoja hubana damu inayoingia kwenye figo, na diklofenaki yenyewe hupandisha presha. Kwa maumivu ya kawaida anza na parasetamoli. Ukipatwa na kuhara au kutapika sana, piga simu au nenda kituoni siku hiyo uulize kama dawa ya kukojoza na ile ya "pril" au "sartan" zisimame kwa muda mpaka urudi kunywa na kula.

Mwanamke anayemeza "pril" au "sartan" akipanga kushika mimba, au akikosa siku zake, aende abadilishiwe mara moja. Dawa hizo humdhuru mtoto tumboni. Metildopa, labetaloli na nifedipini ya kutoa dawa polepole hutumika badala yake.

Kizunguzungu nacho kipimwe, kisikisiwe. Kaa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunjana, mkono usawa wa moyo, usiongee, upimwe. Kisha simama, upimwe tena baada ya dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, dozi au saa ya kumeza inahitaji kurekebishwa. Ukisahau kidonge, kimeze ukikumbuka siku hiyo hiyo. Kesho usimeze viwili.

Sasa kwetu watoa dawa. Bahasha iliyoandikwa "1x1" tu haimsaidii mtu. Tuandike jina la dawa, miligramu, saa ya kumeza, na udhi moja linalotarajiwa: "miguu yaweza kuvimba, ikivimba njoo". Ni sekunde 20 za kalamu. Na mgonjwa akirudi, kabla ya kumuuliza kama anameza, tumuulize dawa inamsumbua wapi. Fomu za njano za TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, za kuripoti madhara ya dawa zijazwe kwa kila mdomo uliovimba na kila figo iliyoyumba, na nakala ya jina la dawa iliyomdhuru ibaki kwenye daftari la kliniki la mgonjwa, imeandikwa kwa wino mwekundu kwenye ukurasa wa kwanza.

Mfamasia,
Tanga