Udhanaishi haukuanza kwa kumkana Mungu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mwandishi wa makala ya wiki iliyopita, aliyesema kwamba udhanaishi, yaani falsafa inayouliza mtu aishije akiwa huru na peke yake katika maamuzi yake, ni falsafa ya watu waliomkimbia Mungu. Simlaumu sana, maana hata mimi nilifundisha hivyo. Nimesomesha Kiswahili kidato cha tano na cha sita kwa miaka 27, na kila tulipoigusa riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, wanafunzi waliandika kwamba mdhanaishi ni mtu asiyeamini, aliyekata tamaa, na mwisho wake ni kujiua kama Kazimoto, mhusika mkuu wa riwaya hiyo. Nami nikaweka vema.

Huyo anayeitwa baba wa udhanaishi, Søren Kierkegaard, alikuwa Mlutheri. Alizaliwa Copenhagen, Denmark, tarehe 5 Mei 1813, akasomea teolojia chuo kikuu, na mpaka anakufa hakuacha kuandika habari za Kristo. Jean-Paul Sartre wa Ufaransa, ambaye ndiye aliyetangaza wazi kwamba hakuna Mungu, alizaliwa mwaka 1905. Ule wahaka wa mtu anayejikuta huru na hana pa kuegemea, ambao Sartre aliuandikia sana, Kierkegaard alikwisha kuutungia kitabu kizima mwaka 1844.

Tunaosikia habari za laana ya ukoo tangu utotoni tutaielewa nyumba aliyokulia. Baba yake, Michael, alipokuwa mtoto maskini akichunga kondoo katika nyika za Jutland, siku moja baridi na njaa vilimzidi, akamlaani Mungu. Baadaye alitajirika mjini kwa biashara ya bidhaa za sufu, lakini neno lile halikumtoka moyoni mpaka uzeeni. Alikuwa na watoto saba, akafiwa na watano, akaamini kwamba hakuna hata mmoja atakayevuka miaka 33, umri wa Yesu msalabani. Søren, kitinda mimba, alilelewa chini ya hofu hiyo. Mwaka 1840 alimchumbia Regine Olsen, na mwaka uliofuata akamrudishia pete, ingawa aliendelea kumpenda maisha yake yote.

Miaka miwili baada ya uchumba kuvunjika alitoa kitabu ambacho jina lake linatoka Wafilipi 2:12, pale Paulo anaposema kuogopa na kutetemeka. Kinahusu Ibrahimu na Isaka. Kierkegaard analalamika kwamba wahubiri wanaikimbiza habari hiyo wafike haraka kwa yule kondoo dume aliyenaswa kichakani, wakati Ibrahimu alisafiri siku tatu na punda wake, mtoto yuko kando, na hakuna mtu ambaye angeweza kumweleza akaeleweka, hata Sara.

Mhariri, mimi safari hiyo naijua. Mwaka 1998 nilimpeleka mwanangu wa miaka tisa hospitali ya rufaa. Tulipanda basi la usiku, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, ameshika kikombe chake cha plastiki chenye mfuniko mwekundu, mama yake amemtilia uji. Karibu na alfajiri akaniuliza kama tutarudi kabla shule hazijafunguliwa. Nikamwambia tutarudi. Mama yake alipopiga simu kwa jirani wa hospitali, nikamtumia salamu kwamba anaendelea vizuri, na haikuwa kweli.

Nilirudi na kikombe.

Msibani kila aliyenishika mkono alisema kazi ya Mungu haina makosa. Nilipouliza kwa nini, mzee mmoja ninayemheshimu aliniambia nisifungue kinywa, nitakufuru. Nikanyamaza kwa miaka mingi, nikiamini kwamba swali lile ni dalili ya imani iliyokufa. Kitabu cha Kierkegaard niliazimwa na mchungaji mmoja ambaye sasa ni marehemu, kwa Kiingereza, kurasa zinachomoka. Nilikisoma polepole na kamusi. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza mtu akisema kwamba kutetemeka kule ni sehemu ya imani yenyewe, na anayemsifu Ibrahimu bila kukesha naye siku zile tatu hajui anachokisifu.

Mwishoni aligombana na kanisa lake. Mwaka 1854 Askofu Mynster alifariki, na Martensen, aliyekuja kurithi kiti chake, akamwita shahidi wa kweli. Kierkegaard akapinga, na alipinga gazetini, kama tunavyofanya hapa. Kisha akaanza kutoa kijarida chake mwenyewe, matoleo tisa ndani ya mwaka 1855. Alisema Denmark kila mtu ni Mkristo kwa kuzaliwa tu, wachungaji wanalipwa na serikali, na kwa hiyo hakuna anayesumbuka kuwa Mkristo. Maneno hayo yalinichoma, maana mimi ni mzee wa usharika, nimehesabu bahasha za ahadi miaka 14 na nimewaita waaminifu watu ambao nilichokijua kwao ni namba ya bahasha. Alianguka barabarani mwezi Oktoba, akafa tarehe 11 Novemba 1855 akiwa na miaka 42. Alikataa kupokea Chakula cha Bwana kutoka kwa mchungaji anayelipwa na serikali. Hapo mimi simfuati, changu nitakipokea. Lakini huyo si mtu aliyemkimbia Mungu.

Nawaomba walimu wenzangu, jibu lile msiliwekee vema tena. Na kuna binti mmoja, mwaka 2003, aliyekuwa akikaa karibu na dirisha, aliniuliza kama mtu anaweza kuwa na wahaka wa namna ile na bado akawa anaamini. Nilimwambia aketi, tuna mtihani. Kama anasoma gazeti hili, jibu ni ndiyo, na nililijua siku ile ile.

Mwalimu mstaafu,
Same, Kilimanjaro