Tunasali tusamehewe deni, kisha tunabeba godoro la mtu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, na wa mialo mingine ya Ziwa Victoria, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wanaokopeshana kwenye vikundi kama sisi.

Masika haya mwenzetu mmoja alichukua mkopo wa kikundi, akanunua ndoo za dagaa wabichi Igombe na kuwaanika hukohuko mchangani. Mvua ikashika siku mbili. Anayeijua kazi hii hahitaji kusimuliwa: dagaa walibadilika rangi, wakatoa harufu, wanunuzi wanaopeleka Kongo wakapita bila hata kuuliza bei. Wakaishia kwa watengeneza chakula cha kuku, kwa hela isiyorudisha hata nauli ya gari. Siku ya marejesho ikapita, na ya pili ikapita. Kikundi kikaenda kwake kubeba godoro, jiko la gesi na redio, watoto wanaangalia. Katiba ya kikundi inaruhusu.

Kinachonikera ni kwamba kikao kilichoamua hayo kilifunguliwa kwa Baba Yetu. Tulisema wote kwa sauti: utupe leo riziki yetu, utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu. Amina. Ajenda ya kwanza: wadaiwa.

Mama mmoja Mwislamu alijaribu kutukumbusha aya ya 280 ya Sura Al-Baqara, kwamba mdaiwa mwenye dhiki asubiriwe mpaka apate nafuu, na kumwachia ikawa sadaka ni heri zaidi. Akajibiwa, "Mama, hapa si msikitini." Sawa, lakini kanisani pia si hapo, mbona tulisali?

Mweka hazina ana hoja, siwezi kumbeza. Fedha si zake wala zangu, ni hisa za watu, na kikundi kinachosamehe ovyo kinakufa. Mimi sikusema mkopo ufutwe. Nilisema ifutwe faini inayoongezeka kila wiki, marejesho yasogezwe, na apewe mtaji kidogo kutoka mfuko wa jamii. Huo mfuko tunauchangia kwa ajili ya misiba na majanga. Mvua juu ya dagaa ni nini kama si janga? Godoro lenyewe liliuzwa bei ya kutupa, na yule dada sasa hana pa kuanzia, kwa hiyo deni liko palepale.

Naona ni woga tu. Tunaogopa kwamba tusipomkamua mwenzetu tutalala njaa, wakati kazi yetu yote inategemea tusivyovimiliki. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, mitumbwi inakaa nchi kavu na sisi tunakaa. Giza likirudi, taa zinajaa ziwani na mizigo inaingia tena. Watoto wangu wamesoma kwa riziki hiyo ya kukatika na kurudi, na sijawahi kumwona mweka hazina akiusogeza mwezi. (Baadhi yetu tuna makochi ambayo bado hatujayatoa nailoni, lakini laki moja ya mwenzetu inatukosesha usingizi.)

Nimeomba jambo hili lirudi kikao kijacho: kifungu cha kubeba vyombo vya ndani kiondolewe, na mkopo wa dagaa wakati wa masika upewe muda mrefu kuliko wa kiangazi. Wenzetu wa Kayenze na Ukerewe, kama vikundi vyenu vina utaratibu mwingine mvua inapoharibu mzigo, tuandikieni humuhumu gazetini.

Mchuuzi wa dagaa,
Kirumba, Mwanza