Mwanabodi wa chuo cha kiufundi afunzwe kwanza, apige kura baadaye

Mhariri,

Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi ya 2013 imeikabidhi bodi ya magavana ya kila chuo cha umma nchini Kenya mali ya chuo, makadirio ya bajeti na viwango vya karo. Mwongozo, ile kanuni ya uongozi wa mashirika ya serikali ya 2015, nao unataka wanabodi wapya wafunzwe. Mafunzo yenyewe aghalabu huwa siku mbili hotelini: slaidi za ruwaza na dhamira, picha ya pamoja, marupurupu. Nyaraka za chuo chenyewe hazifunguliwi.

Zianze hesabu. Vyuo hivi huandika karo kuwa mapato mara mwanafunzi anapodaiwa, si pesa zinapoingia benki. Tuseme wanafunzi 1,000 wanadaiwa sh20,000 kila mmoja. Kitabu kitaonyesha sh20 milioni hata kama sh8 milioni hazijalipwa. Asiyelijua hilo huona ziada, akaidhinisha jengo, na baada ya miezi mitatu vibarua hawana mshahara. Mwanabodi afunzwe kuanzia taarifa ya fedha taslimu, kisha orodha ya madeni: ya muhula huu, ya mwaka jana, na ya waliokwisha kuondoka chuoni. Hayo ya mwisho mengi hayalipwi kamwe. Mgao wa serikali nao usomwe vivyo hivyo, kwa tarehe ulipofika.

Kwenye zabuni ndiko wengi hujikwaa. Chini ya Sheria ya Ununuzi ya 2015, mkuu wa chuo ndiye afisa mhasibu, yaani anayewajibika kwa matumizi ya fedha za chuo. Yeye ndiye huteua kamati ya kutathmini zabuni, nayo ina siku zisizozidi 30. Mkuu wa ununuzi hutoa maoni yake ya kitaalamu kabla ya mshindi kutangazwa. Kazi ya bodi ni bajeti na mpango wa ununuzi wa mwaka. Mwanabodi anayeomba "kuonyeshwa tu" bei za wazabuni ameshavuka mpaka. Kama ana jamaa kwenye zabuni inayojadiliwa, atangaze, atoke chumbani, na kumbukumbu za kikao ziandike saa aliyotoka na aliyorudi. Kusema "sitachangia" huku ameketi hakutoshi.

Nidhamu ya wafanyakazi walioajiriwa na bodi ni fupi kufundisha, ghali kukosea. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka mfanyakazi aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama, na asikilizwe. Ukiruka hatua hiyo, mahakama yaweza kuamuru fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, hata kama kosa lilikuwa la kweli.

Mafunzo haya yafanyiwe chuoni, na mkuu wa chuo asiwe mwalimu pekee, maana yeye ndiye anayesimamiwa. Mkaguzi wa ndani apewe nusu siku akiwa na wanabodi peke yao. Somo la ukaguzi liwe Agosti, kwa kuwa taarifa za fedha hupelekwa kwa Mkaguzi Mkuu kufikia Septemba 30. La bajeti litangulie kikao cha makadirio.

Tunaiomba Wizara ya Elimu iandike tarehe ya mafunzo ndani ya barua ya uteuzi, na asiyehudhuria asipige kura kuhusu fedha hadi ahudhurie.