Dada, kuhusu siku ile ya Withernsea

Dada, shikamoo.

Najua utauliza kwanini nimeandika huku mbele za watu badala ya kupiga simu. Simu nimepiga. Mara mbili niliambiwa uko jikoni, mara ya tatu shemeji akasema umelala, na huko kwenu ilikuwa saa moja na nusu jioni, na wewe tangu tuko wadogo hujawahi kulala kabla ya taarifa ya habari. Basi nimeandika, wakisoma wengine na wasome.

Sitaki kuanza na mambo ya arobaini, tutafika huko. Nataka kuanza na Withernsea, ule mji wa pwani upande wa Hull huku Uingereza, manake najua kila ukikaa na wakina mama wakubwa ile ndo hadithi unayowapa, jinsi mdogo wako alivyompeleka baba ufukweni kwenye baridi kuangalia lango tupu. Wewe siku ile unaikumbuka kwa upepo uliokuvua mtandio. Mimi naikumbuka kwa ile kofia.

Hujawahi kuniuliza kwanini Withernsea. Baba tangu mwaka wangu wa kwanza hapa Hull kila simu swali lake lilikuwa moja, eti huko kwenu reli inafika baharini? Si unajua kwake reli na bahari ni kitu kimoja, Tanga reli inaishia bandarini, na yeye miaka yote ile dirishani kwenye tiketi alikuwa akisikia honi ya meli na honi ya treni kwa pamoja. Nikawa namwambia inafika baba, ukija nitakupeleka. Na ni kweli inafika. Ukipanda treni hapa Hull unafika Bridlington, unafika mpaka Scarborough, unashuka na ndege wa pwani wanakulilia juu ya kichwa. Withernsea ndo treni haifiki. Ilifika kuanzia 1854, ikakoma Oktoba 1964, na mimi nilikuwa najua hivyo vizuri wakati nawaambia vaeni makoti tunaenda ufukweni kwa basi.

Nilijua. Sikupotea njia wala sikudanganywa na mtu. Lakini na wewe ulijua kilichonifanya niangalie nauli, kwa sababu nilikwambia wewe peke yako, usiku, jikoni, baba kashalala, kwamba kule ghalani wametupunguza wiki mbili kabla hamjafika na viza zenu zilikuwa zimeshatoka na tiketi za ndege nimeshalipa kwa mkopo. Nikakuomba usimwambie. Ukanishika mkono ukasema mdogo wangu, hili limefia hapa.

Haya. Kwenye basi baba alikuwa na furaha, usikatae. Tulikaa ghorofa ya juu, mbele kabisa, na yeye hakuwa anaangalia ng'ombe wala makanisa, alikuwa anatafuta tuta la reli. Hakuna aliyemwonyesha, jicho lake mwenyewe. Akaanza, hapa palipita reli, ona lile tuta lilivyonyooka, mkulima hawezi kunyoosha hivyo. Na nikamweleza, na wewe ulikuwa kiti cha nyuma unasikia, kwamba reli hii aliisimamia mfanyabiashara wa Hull, Anthony Bannister, mtu wa makaa na samaki, akapeleka reli maili 18 mpaka kwenye kijiji ambacho hakikuwa na kitu, mashamba na wavuvi, halafu baada ya reli ndo ikajengwa hoteli kubwa ili watu wapate sababu ya kupanda treni. Yaani treni kwanza, mji baadaye. Baba akapiga goti lake akasema kumbe ni kama kwetu, Nairobi nayo ilianza kama kambi ya reli tu.

Alafu akaanza kulalamika miguu inaganda nikamwambia habari ya vile vibati. Zamani mabehewa ya Waingereza hayakuwa na joto, abiria alikuwa anawekewa miguuni bati bapa limejazwa maji ya moto, kikipoa umepoa nacho. Mpaka miaka ya 1880 kampuni ya London and North Western ikaweka ndani chumvi fulani badala ya maji, acetate ya soda, inachemshwa mpaka inayeyuka, na ikianza kupoa mhudumu au abiria analitikisa lile bati kwa nguvu, ile chumvi inaganda na ikiganda inatoa joto upya. Baba aliniangalia muda mrefu akasema, "Kwa hiyo joto linakuwa limelala tu?" Nikamwambia ndio baba, limelala. Akarudia mara mbili peke yake, joto limelala. Dada, mimi kwa siku ile moja pale kwenye basi nilikuwa mtoto wake tena na sio mtu wa kutuma hela. Ndo maana kilichofuata sijaweza kukimeza mpaka leo.

Tukashuka. Ile minara miwili kama ngome ndogo, imesimama ufukweni, katikati lango. Baba akafungua mfuko akatoa kofia yake ya kazi, ile nyeusi, ambayo mimi hata sikujua kama kasafiri nayo, akaifuta kwa kiganja akaivaa, akajinyoosha kama anaenda kupokea treni ya wakubwa. Akapita langoni. Na upande wa pili hakuna kitu, ngazi, mchanga, na bahari ya rangi ya matope. Akasimama. Akauliza, gati liko wapi?

Nikamjibu lilivunjwa na meli, baba. Na huo ulikuwa ukweli mtupu, wala sikuwa najitetea. Gati lilifunguliwa 1877, urefu wa mita 365, na lango lile ndo lilikuwa mlango wake, unalipa unaingia unatembea juu ya bahari. Miaka mitatu tu, 1880, dhoruba ikaileta meli inaitwa Saffron ikapita katikati ya gati ikaacha pengo la mita 60. Wakaziba. Dhoruba nyingine ikachukua kipande kingine, 1890 ikaja Genesta ya wavuvi, 1893 ikaja Henry Parr, na huyo ndo alimaliza, zikabaki kama mita 15 zimeshikana na lango. Mwisho nazo zikaondolewa. Lango likabaki peke yake mpaka leo linalinda kitu ambacho hakipo. Mimi nililiona mara ya kwanza nikiwa mgeni sina mtu, nikakaa kwenye zile ngazi nusu siku nzima, na nikajiambia baba akija lazima alione hili, manake ndo mtu pekee ninayemjua ambaye angeelewa bila kuelezwa. Ndo kilikuwa kichwani kwangu. Nauli ilikuwepo, sikatai, lakini na hili lilikuwepo.

Baba akauliza, na reli? Nikasema iling'olewa.

Na hapo ndo ukasema. Sikupunguzii wala sikuongezei neno: "Kwa hiyo umetutoa kote huko uje kutuonyesha vitu ambavyo havipo? Gati halipo, reli haipo, na kazi yako nayo haipo, mwambie basi na hiyo."

Baba hakuniangalia. Hakukuangalia na wewe. Alivua kofia, akaikunja ile sehemu laini ndani ya mdomo wa kofia, akairudisha mfukoni taratibu akavuta zipu. Halafu akasema twendeni tukale, mama yenu alikuwa hapendi watu wagombane na njaa. Tukala samaki na chipsi tumesimama kwa sababu ya upepo na hakuna aliyeongea, na kurudi kwenye basi alikaa chini karibu na dereva, hakutaka tena ghorofa ya juu.

Mimi hicho nimeshindwa kukusamehe, dada. Kufukuzwa kazi sio aibu, wangapi wamefukuzwa. Lakini ulingoja mpaka kaivaa ile kofia.

Najua yako. Mimi niliondoka na miaka 23 nikakuachia baba, mama anaumwa, nyumba inavuja. Wewe ndo ulimwogesha mama. Wewe ndo ulikaa foleni hospitali. Kila nikikaa nikataka kukukasirikia nakumbuka mikono yako ile wiki ya msiba wa mama ilivyokuwa imechubuka kwa kufua, na hasira inaisha yenyewe, kisha inarudi. Nashindwa kuishika na nashindwa kuiacha.

Kuhusu maziko sina neno. Baba alifariki alfajiri akazikwa baada ya swala ya alasiri, ndo sunna, hakuna aliyetakiwa kunisubiri na wala sikutaka asubirishwe. Wanaosema kwamba nimekasirikia hilo wananisingizia. Kilichoniuma ni boksi.

Lile boksi la biskuti la bati lilikuwa juu ya kabati, lina tiketi. Nyinyi mliziona makaratasi. Nilipofika kwenye arobaini watoto wa uani walikuwa wanachezea, nyingine zimelowa kwenye tope karibu na bomba, nikakuuliza ukasema aah, vile vikadi vya baba, nimewapa watoto wachezee duka. Nikanyamaza kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa watu.

Sasa nikwambie vikadi vile ni nini. Kabla ya miaka ya 1830 kuisha karani wa reli Uingereza alikuwa anaandika tiketi kwa mkono, moja moja, foleni inangoja. Akatokea mtu wa Lancaster, Thomas Edmondson, fundi wa makabati, alifungua biashara yake ikafilisika, akaja kupata kazi kwenye kistesheni kidogo cha Milton, reli ya Newcastle na Carlisle. Mtu wa miaka zaidi ya 40, kafilisika, yuko porini anauza tiketi. Akachukua kadi ngumu akazikata ndogo ndogo, sentimita kama tano na nusu kwa tatu, akazipa namba kwa mfululizo ili jioni hesabu ijulikane, akabuni na mashine ya kugonga tarehe, unaingiza kadi kwenye mdomo wake inasema kaa-cha. Ule mlio unaujua, dada, tumelelewa nao. Reli zikaanza kumlipa shilingi 10 kwa mwaka kwa kila maili ya reli yao, akawalipa wote waliokuwa wanamdai. Kadi zile zikaenda dunia nzima, zikafika Afrika Mashariki, zikafika mkononi kwa baba, na hapa Uingereza kwenyewe waliacha kuzitumia 1990. Baba kaanza nazo reli ikiwa ya nchi tatu, Jumuiya ikavunjika 1977, yeye akaendelea na kadi zilezile mpaka kustaafu. Na zile za ndani ya boksi hakuziiba kazini. Ziliharibika wakati wa kugonga, tarehe imekaa upande, na alizilipia yeye mwenyewe moja moja ili hesabu isipungue, mama ndo alinieleza.

Kwa hiyo nakusihi, vitu vya wazee usigawe kabla hujawauliza wote, hata aliye mbali. Hasa aliye mbali, kwa sababu aliye karibu anabaki na kaburi, na mlango, na sauti ya watu wanaomtaja, na sisi tunabaki na nini? Mimi nilituma hela ya paa, nikatuma ya dawa hata ule mwezi sina kazi, na wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote, sikudai kiwanja wala nyumba, nilitaka boksi la biskuti. Naona nimeanza kukushauri na sasa najitetea, lakini siwezi kufuta, niache hivyohivyo.

Mwaka juzi nilienda Scarborough. Kwa treni. Mji umechakaa na wenyewe ukitoka barabara kuu, ile Grand Hotel ya 1867 waliyoijenga kwa hesabu ya kalenda, minara 4 kama misimu, ghorofa 12 kama miezi, mabomba ya moshi 52 kama wiki, vyumba 365, rangi inabanduka na ndege wameifanya choo. Lakini stesheni pale kuna benchi. Benchi moja, la mbao, limepakana na ukuta wa platfomu urefu wa mita 139, toka enzi za Malkia Victoria walipoongeza platfomu kwa ajili ya treni za matembezi, watu wa viwandani wanakuja asubuhi maelfu kuona bahari na jioni wanahitaji pa kukaa wakingoja kurudishwa. Nilianza mwanzo nikalihesabu kwa hatua mpaka mwisho, kisha nikakaa. Angelipenda vile. Angeuliza limetumia mbao ngapi, nani analipaka rangi, kama mtu wa mwisho anasikia tangazo. Tungekaa watatu. Nauli ya watatu siku ile nilikuwa nayo, dada. Nilikuwa nayo kwenye bahasha, nilikuwa nimeiweka ya kodi.

Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Binti yako wa pili alinitumia picha wiki iliyopita, sijui kama alikuomba ruhusa, usimgombeze. Tiketi moja imebaki, aliificha kwenye daftari lake tangu siku ya arobaini, Tanga kwenda Korogwe, daraja la tatu, tarehe imekaa upande. Sitaki kumnyang'anya, abaki nayo, mwambie tu asiiweke juani. Mimi naomba kofia kama bado iko. Kuna jirani wa shemeji anasafiri kuja huku mwezi wa kumi, anaweza kuibeba mkononi. Na tafadhali usiifue kabla ya kumpa, kwenye utepe wa ndani baba aliandika jina lake kwa wino na ukiloweka litatoka.

Wasalimie wote.

Mdogo wako